Mustari wa Ariel

Mama yangu Kahongya anauzisha biazi soko ya Vulamba tangu sijazaliwa, na kichwa yake iko nguvu kuliko jembe. Mimi, Gracieuse, ninafundisha Kiingereza kwa sekondari. Myaka yote ile hapana kuniuliza hata neno moja ya Kiingereza! Kisha siku moja, katikati ya chakula: "Gracieuse, cool ni nini?"

Ilikuwa juu ya Ariel, mutoto wa ndugu yangu Eliezer. Alizaliwa Australia, iko na myaka tisa, anasema Kiingereza tu. Kila jumamosi Eliezer anapiga video, anamupa mutoto telefone. Koko yake, ni kusema mama yangu, anamusalimia, Ariel anajibu "cool", kisha anakimbia. Mama anabakia kuangalia kwa telefone ukuta ya salon yabo. Ilikuwa inamuuma sana.

"Huyu mutoto atanijua lini? Siku ya kilio yangu?"

Basi nikamufundisha. Hewa ya baridi ya Lubero asubui, cool. Bouillie, ile uji, yenye imeanza kupoa, cool. Mutu mwenye hakasirikake bure, cool.

"Hapo hauko weye," mama akasema.

Nikaendelea. Suruali mupya yenye kupendeza, cool. Ukikubali kitu, cool.

"Eh! Neno moja inabeba yote ile? Iko kama kitenge."

Jumamosi yenye ilifuata, telefone ilimukuta kwa shamba yetu ya Musienene, anachagula biazi ya mbegu. Hata salamu hapana. Akasimamisha kiazi moja mbele ya camera: "Cool?"

"No," Ariel akasema.

Ingine, muzuri kabisa, ukubwa ya yai, macho mingi: "No." Kisha ikatokea moja ya kukunjamana, yenye pua na masikio mbili.

"Cool!" Mutoto akacheka mpaka akaanguka kwa kiti. Mama akaitia kwa kikapo ya mbegu.

"Mama! Mbegu hapana kuchaguliwa vile! Ile ni ya nguruwe!"

"Nyamaza, mwalimu. Mwenye shamba amesha chagula."

Biazi makumi mbili na tatu, yote ya kilema! Akaipanda mustari moja, pa mwisho ya shamba. Bajirani bakacheka. Mimi nilisikia haya. Na jumamosi zingine Ariel akarudilia ile "cool" yake na kukimbia. Mama aliendelea tu kupalilia mustari yake.

Wakati ya mavuno, siku ya tatu ya juma, telefone ikalia tuko shambani. Telefone ya mbali katikati ya juma, kwetu ni habari ya kifo. Mama akatia mukono kwa kifua. Nikafungula: Ariel, yeye peke yake.

"Koko! Biazi?" Ilikuwa mara ya kwanza nimusikie na neno ya Kiswahili.

Mama akakimbia pa mustari, akachimbua. Ikatoka ya muviringo, muzuri, hata moja haina pua. Ariel: "No." Nikaona mama anaogopa, anachimbua mbio mbio, mpaka zikatoka mbili zenye kushikamana mugongo.

"Cool!"

Bakaanza kuongea, yeye na Kiswahili yake, mutoto na Kiingereza yake, kiazi kwa kiazi. Kisha sauti ya Eliezer ikasikika, anaomba telefone. Ariel akamujibu kitu.

"Amesema nini?" mama akaniuliza.

"Baba yake angoje. Iko anasema na koko yake."

Mama akanigeuzia mugongo, akapanguza macho na mukono ya udongo.

"Cool," akamuambia mutoto, akarudia jembe.