Pasi Iliyoirudisha Setilaiti Njiani

Kisa hiki hamtakisadiki, na wala hamlaumiwi. Hata mwenye kisa akikisikia hutikisa kichwa. Kaeni vizuri basi.

Palikuwa na mhandisi, mwanamke mwembamba, mpole wa sauti lakini mbishi kama kupe, mtoto wa dada yake fundi cherehani mmoja. Fundi huyo ndiye anayeandika haya, kwa hiyo sifa zake tutazipunguza, ingawa ni nyingi.

Kazi ya mhandisi ilikuwa kutabiri njia za setilaiti. Simu yako ikikwambia "pinda kushoto", imeziuliza setilaiti hizo. Nazo zikikosea mahali zilipo, utapinda uingie jikoni kwa watu. Alikuwa ametunga hesabu za kila kinachozisukuma huko juu, hata mwanga wa jua. Ndiyo, mwanga husukuma! Fundi alipoambiwa, alicheka hadi sindano ikamchoma.

Lakini setilaiti moja ilimtia aibu. Kila ilipopita kwenye kivuli cha dunia, ilitokea ng'ambo ikiwa imekwenda mrama kwa upana wa kiganja. Kwa watu wa kazi ile, kiganja ni safari. Mkuu wa kazi akasema, Ijumaa aeleze sababu, la sivyo hesabu zake, jasho la miaka, zifungiwe kabatini na zile za zamani zirudi.

Alhamisi akapita dukani kwa mjomba wake, blauzi ya kikao mkononi.

"Mjomba, inyooshe vizuri. Kesho nanyongwa."

"Wa kunyongwa hanyooshewi nguo, mama. Kaa."

Fundi akanyoosha, akachomoa waya, akaiacha pasi palepale juu ya mkono wa blauzi, akaanza kusimulia alivyomshonea suti mtu mwenye mabega matatu. Moshi ukapanda.

"Mjomba! Blauzi yangu!"

"Nimeizima! Waya si huu hapa?"

"Umezima umeme, hujazima joto! Sasa joto litakwenda wa—" Akaikodolea macho pasi.

"Ni mkono tu, mama, nitatia kiraka..."

"Mjomba, na mimi nimefanya hivyohivyo."

"Umeunguza ya nani?"

Kumbe katika hesabu zake, setilaiti ikiingia kivulini, alizima jua na kufuta kila msukumo uliotokana nalo. Lakini chombo kilichoshiba jua hakipoi papo hapo. Joto huendelea kutoka, ubavu mmoja zaidi ya mwingine, na likitoka hukisukuma upande wa pili, taratibu kama pumzi ya mbu. Ila mbu huyo hachoki.

Akakaa kwenye kiti cha wateja, kompyuta magotini, akalirudisha joto kivulini. Fundi akitia kiraka, yeye akitia hesabu. Mara akapiga kigelegele: kiganja kimekuwa ukucha!

Ijumaa akasimama mbele ya wakubwa, kiraka cha maua kwenye mkono wa blauzi, akaeleza. Mkuu alimhoji mpaka maswali yakamwishia. "Hesabu hizi zibaki," akasema. Kisha mkuu huyo, machozi yakimlengalenga, akaomba aletewe pasi ile, akaipigia saluti, akaamuru setilaiti ijayo ipewe jina la fundi, na roketi ya kumpeleka fundi mwenyewe kuikagua tayari imesha—

"Mjomba, niko nyuma yako, nasoma. Mkuu aliuliza tu fundi wangu yuko wapi, ili asije akampelekea nguo zake."