Shimo kwenye Muundi wa Baba

Wewe unayenisikiliza, kaa vizuri na unyooshe mguu mmoja mbele yako, tutauhitaji. Nataka kukueleza ugonjwa wa moyo, na nitakueleza polepole. Ulipoingia nyumbani kwetu hakuna aliyeutambua, na kutoutambua huko kuligombanisha ndugu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Mjerumani hapa Ugogo. Wazungu walipigana wao kwa wao, na majeshi yaliyopita yalilishwa mtama wetu. Mvua nayo ilikuwa imekataa. Jumbe aliagiza kila kaya itoe nafaka. Atakayeficha atachapwa kiboko.

Watu wote walikonda isipokuwa baba. Miguu yake ilijaa hadi bangili ya waya kifundoni ikazama. Tumbo likamtangulia.

Mjomba, kaka yake mama, aliishi tembe ya jirani. Shemeji ana ruhusa ya kutania, kwa hiyo alianza kwa utani.

"Shemeji, mimba hiyo ina miezi mingapi?"

"Ni yako," baba alijibu akihema. "Ikizaliwa utailea mwenyewe."

Walicheka. Lakini njaa ilizidi, na mtoto wa mwisho wa mjomba akaacha hata kucheza. Siku moja mjomba aliingia bila kutamka "mbukwa", salamu ambayo kwetu hata adui hanyimwi.

"Wanangu wanatafuna mizizi, wewe unanenepa. Mtama uko wapi?"

"Hakuna mtama. Mimi hata kisimani sifiki bila kupumzika."

"Anayepumzika ni aliyeshiba!"

Alikwenda moja kwa moja kwa jumbe. Asubuhi iliyofuata alirudi akiwaonyesha njia jumbe na askari mwenye kiboko. Askari alipasua kilindo, lile pipa la gome tulilowekea nafaka. Ndani mlikuwa na mbegu za kupanda tu, kidogo.

"Nyingine umefukia wapi?" jumbe aliuliza. Baba alitikisa kichwa. "Mlaze kifudifudi huyu."

Baba alikuwa ameegemea nguzo. Hapo ndipo alipolala kila usiku, akiwa ameketi, maana akijinyoosha pumzi ilikata. Sisi wa nyumbani tulijua: kumlaza tu kungeweza kumuua, kabla kiboko hakijainuliwa.

Mama akasimama katikati.

"Kaka, umesema huu ni unono. Njoo uushike mguu wake."

"Sishiki mguu wa mwizi."

"Askari umemleta mpaka mlangoni kwangu, halafu unaogopa mguu?"

Kila jioni mama alimpaka baba mafuta miguuni, na aliona jinsi alama za vidole vyake zilivyobaki. Alikamata kidole gumba cha mjomba, akakikandamiza kwenye muundi wa baba, akakiachia. Shimo lilibaki, kama la kidole kwenye udongo wa kufinyangia. Tulingoja. Halikujaa.

"Sasa bonyeza wa jumbe," mama akasema. "Huyo ndiye aliyeshiba. Tuone kama utabaki na shimo."

Nilidhani kiboko kitamgeukia yeye. Lakini askari aliangua kicheko, akautazama mguu mnene wa jumbe, akacheka tena. Jumbe alitema mate na kutoka nje. Mbegu zetu wakazibeba. Baba hawakumgusa.

Kwetu aliyekosa haji kusuluhishwa mikono mitupu. Mjomba hakuwa na mbuzi wala nafaka, basi alileta furushi la chumvi aliyoichuja mwenyewe kutoka udongo wa mbugani. Mama aliipokea, akawa anaitia kwa wingi kwenye mlenda, kwani majani ya porini hayana ladha. Baba alikula kwa hamu. Akazidi kuvimba. Alifariki kabla ya mvua, akiwa ameketi kwenye nguzo yake. Mjomba alikuja mazikoni akasema "mbukwa". Mama hakuitikia, siku ile wala maisha yake yote.

Usimlaumu mama, na mjomba pia usimlaumu sana. Hakuna aliyejua. Fikiria kisima tunachochimba kwenye mchanga wa korongo. Mtekaji akiwa na nguvu, maji hayatuami. Akichoka, yanapanda na kujaa shimoni. Moyo ndio mtekaji wetu. Ukidhoofika, maji hurudi nyuma na kutuama miguuni, tumboni, hata kifuani, na chumvi huyazuia yasitoke mwilini. Baba hakuwa amenenepa. Alikuwa anazama polepole katika nchi kavu.

Sasa tazama ule mguu uliounyoosha. Weka kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, kandamiza kitambo kidogo, achia. Ukishajua kufanya hivyo, mfanyie mzee wako leo. Shimo likibaki, punguza chumvi kwenye chakula chake, mwinulie kichwa anapolala, na umpeleke kwa daktari, maana huenda ni moyo au ni figo. Akiwa anahema kama baba, usingoje kesho; mpeleke sasa hivi.