Siku Niliyomvusha Baba Mkwe Kimya Kimya

Shule mimi niliiona kwa nje tu. Nilikuwa nachunga mbuzi karibu na dirisha lake, na mbuzi wangu mmoja alisoma kuliko mimi, maana yeye aliingia ndani akala daftari. Kwa hiyo mjukuu wangu alipokuja juzi kutoka Mombasa, anakofanya kazi ya kuandika programu za kompyuta, nilijua kazi yake hatutaizungumza. Tutazungumza maembe, basi.

Lakini msichana alikuja uso umemshuka. Nikamuuliza nani kafa. Akasema, "Hajafa mtu, babu. Nimejiaibisha kazini."

Nikamwambia anieleze, na aeleze polepole kama anamweleza ng'ombe.

"Katikati ya programu tunaandika mistari ya kukagua," akasema. "Mstari unasema, hapa lazima mambo yawe hivi. Kama sivyo, simama hapo hapo upige kelele, useme umesimama wapi."

"Kama mbwa mlangoni."

"Haya, kama mbwa. Sasa tukimaliza kujaribu, programu ikienda kwa wateja, iko swichi moja inanyamazisha mbwa wote, ili programu iende mbio."

"Na aibu iko wapi hapo?"

"Kazi yenyewe niliiweka ndani ya mstari wa kukagua. Ukaguzi ulipozimwa, na kazi ikazimika nao. Kwangu mimi ilikuwa inakwenda vizuri. Kwa wateja ikaanguka."

Nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimepandwa na kifafa. Nikamwambia mjukuu wangu, kosa hilo mimi nililifanya hapa Garsen mama yako hajazaliwa, na kompyuta sikuwa nayo. Nilikuwa na feri, gogo, na mdomo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mkoloni bado yupo. Daraja la kuvuka Mto Tana hakuna. Ukitaka kwenda Witu au Kipini, lori lako linapanda feri hapa, na sisi wanaume tunaivuta kwa mikono tukishika waya uliofungwa ng'ambo mpaka ng'ambo. Mbu wa wakati ule hawakuwa hawa wa leo. Ukimpiga kofi mmoja, anageuka anakuuliza una shida gani.

Mimi kuvuta sikuweza. Mgongo wangu ulikuwa mgongo wa bwana mkubwa, ila pesa za bwana mkubwa ndizo sikuwa nazo. Nyapara wetu akaniangalia siku mbili akasema, "Wewe huna faida hata ya chakula unachokula. Lakini una sauti." Na kweli sauti nilikuwa nayo. Nikiita mtu hapa, Kilelengwani wanaitika watatu.

Nyapara alikuwa na sheria yake. Zamani kabla sijaja, lori liliwahi kutumbukia, ndiyo akaitunga. Kabla feri haijaondoka, mwitaji anaita kitu kimoja kimoja, na mwenye kitu hicho anajibu akiwa amekigusa kwa mkono wake. Ninaita, "Waya?" Mtu wa waya anaushika, anasema, "Upo." Ninaita, "Maji?" Mtu wa ndoo anatia mkono ndani ya mashua zile za chuma zilizobeba sakafu, anasema, "Makavu." Ninaita, "Kabari?" Kabari ni lile gogo lililochongwa pembe tatu, linalowekwa chini ya gurudumu ili lori lisitembee. Mwenye kabari analigusa, anasema, "Ipo." Mmoja akinyamaza, feri haiendi. Hata awe bwana DC amekaa mle ndani na kofia yake, haiendi.

Mwanzo tulifanya hivyo. Kazi kwanza, halafu wito. Lakini mimi na wenzangu ni watu wa akili nyingi. Tukajiuliza, kwa nini kuinama mara mbili? Mwenye kabari ainame aiweke, halafu niite, ainame tena aiguse? Nikatoa shauri kwamba nikiita "Kabari," hapo ndipo aisukume chini ya gurudumu, na papo hapo ajibu "Ipo." Mwenye ndoo naye, nikiita "Maji," ndiyo aanze kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga mtoni, ajibu "Makavu" ndoo ikiwa bado hewani. Ikawa wito ndio kazi yenyewe. Nyapara alikuwa anakaa juu ukingoni, na kutoka kule sauti ni ile ile. Tukaishi hivyo miezi mingi, hakuna kilichotokea, nikajiona nimevumbua kitu cha kupelekwa kwa Malkia.

Sasa, wakati huo nilikuwa nataka kuoa. Msichana ni wa Kinakomba, alikuja huku kwa shangazi yake wakati wa kuvuna mpunga. Wazee wangu walishapeleka maneno kwa babake, na babake hakukataa wala hakukubali. Alisema, "Huyo kijana nitamwangalia kwanza." Nikaambiwa atapita Garsen na lori, anampelekea dada yake magunia sita ya mpunga Kipini. Yaani ataniangalia pale pale kwenye feri. Akinipenda, nina mke. Asiponipenda, kuna mtu mwingine, mwenye shamba la ndizi na meno yote, alikuwa anasubiri nyuma yangu.

Mama yangu akaniweka chini. "Mwanangu," akasema, "mbele ya mkwe mtu hapayuki. Mkwe unainama, unasema naye kwa sauti ya chini. Ukimpayukia baba wa watu, ataona anamwoza binti yake fisi."

Nikaona kweli. Kwetu mkwe hata macho yake huyatazami vizuri, sembuse kumpigia makelele kama ninafukuza ngedere shambani. Na siku ile ilipofika, bahati yangu, au balaa yangu, nyapara alikuwa amelala kwake na homa. Mimi nikawa mkubwa wa feri. Nikaazima kanzu nyeupe. Kanzu, kwenye feri ya matope.

Nikawaambia wenzangu, "Leo tunavuka kimya. Sitaita. Mimi nitainua mkono tu, nanyi mnavuta."

Mwenye waya akasema, "Usipoita, tutajuaje?"

"Kazi yenu hamuijui mpaka leo?"

"Tunaijua."

"Basi."

Mwenye kabari alikuwa amekalia gogo lake anakula mhogo. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Sawa, bwana harusi," akasema. "Tutakuvusha kama maiti ya heshima."

Lori likapanda. Dereva akazima, akashuka kutafuta kivuli. Mzee akabaki ndani, kiti cha mbele, peke yake, mikono juu ya fimbo. Nikamwinamia mpaka kofia ikadondoka. Nikainua mkono. Wakavuta.

Mto Tana tangu uumbwe haukupata kusikia kimya kile. Viboko walitoa vichwa kuangalia kama tumekufa. Mimi nimesimama mbele ya feri, kanzu inapepea, najisemea moyoni, mzee anaona adabu hii.

Katikati ya mto mkondo ukatusukuma, feri ikainama mbele. Nikaona sura ya mzee inakuja. Nikadhani ananikaribia kwa mapenzi. Kumbe ni lori linatembea. Polepole, kama mtu anayekwenda kuomba chumvi. Na mzee ndani yake, amenikazia macho kwenye kioo, anazidi kuwa mkubwa.

Mtu mwenye akili angepiga kelele. Mimi nikapunga mkono kwa adabu. Nikauinua, nikaushusha, nikaonyesha gurudumu kwa kidole. Wenzangu wakaona mkono umepanda, na mkono nilisema ndiyo kuvuta, basi wakavuta kwa nguvu zaidi. Feri ikazidi kuinama. Pua ya lori ikagusa mnyororo wa mbele, mnyororo ukalia. Nikahisi baridi miguuni, nikaangalia chini, maji yamefika kwenye vifundo, maana na ndoo nayo haikuitwa. Magunia mawili yakateleza kutoka juu ya mzigo yakaanguka mtoni, na samaki wa Tana wakala wali siku ile, sina shaka waliupika.

Hapo adabu ikaniishia. "Kabari."

Sauti ile sikuwahi kuitoa tena. Kipini wavuvi walikunja nyavu. Na mwenye kabari, wallahi, hakutazama hata lori. Mkono ulikwenda wenyewe. Gogo likatoka chini ya makalio yake likaingia chini ya gurudumu, na mdomo umejaa mhogo, akajibu, "Ipo."

Lori likasimama. Mimi nilikuwa nimeshafunguka, sikuweza kujizuia, nikaita na "Maji," nikaita na "Waya," yote, mbele ya mkwe, kanzu imelowa mpaka magotini.

Ng'ambo mzee akashuka. Akajifunga kikoi vizuri. Hakuwa na haraka.

"Aliyepiga ukelele ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Siku nyingine hupigi?"

"Kila siku napiga. Leo nilinyamaza kukuheshimu."

Akatazama mto ulikokwenda mpunga wake. "Heshima yako ina uzito wa magunia mawili," akasema. Kisha akamwonyesha mwenye kabari kwa fimbo. "Na huyu, gogo analiweka saa ngapi?"

"Nikiita, mzee."

"Usipoita?"

Nikaanza kukamua kanzu.

"Basi wewe hukagui kitu," akasema. "Unauliza kama kazi imefanywa, na kazi haijafanywa mpaka uulize. Sasa unauliza nini?"

Akapanda lori akaenda Kipini. Neno la binti yake hakulitaja.

Nyapara alipopata habari, homa ilimtoka siku ile ile. Alinipa ndoo nifue maji wiki nzima, na akataka nivae kanzu ile ile. Wenzangu wakanihurumia sana, kila asubuhi wananiuliza harusi lini. Mimi chakula hakipiti. Nilikuwa nakula sufuria mbili tu. Lakini tulirudi kwenye sheria ya zamani. Kabari inawekwa, maji yanafuliwa, waya unakazwa, watu wanasimama mahali pao, ndipo ninaita. Wito ni kugusa tu, hakuna kufanya kitu ndani yake.

Siku ya nane mzee akarudi, lori tupu. Likapanda feri, kabari ikawekwa, nimeiona kwa macho yangu. Yeye safari hii hakukaa ndani. Akashuka akalizunguka lori na fimbo yake, taratibu, kama ananunua.

Nikaita, kwa sauti yangu yote, mkwe au si mkwe. "Waya?"

"Upo."

"Maji?"

"Makavu."

"Kabari?"

Kimya. Mwenye kabari ameinama, mkono wake uko chini ya gurudumu, anapapasa. Akaniangalia. Nami nikamwangalia. Nyuma yake nikamwona mzee amesimama, ameangalia ng'ambo kama mtu asiyejua lolote, na gogo letu liko kwapani mwake.

Dereva akaanza kunung'unika kwamba jua linakwenda. Kusema "Ipo" kulikuwa rahisi sana. Kumwambia mkwe mtarajiwa mbele ya watu kwamba amechukua kabari, hiyo ndiyo ngumu.

"Haivuki," nikasema. "Kabari haipo. Mzee, samahani, iko kwako."

Akalitoa kwapani. Halafu akanipa gogo mkononi, akasema bila kunitazama, "Waambie wazee wenu waje Kinakomba. Waje mapema, kabla ya mvua."

Mwenye kabari akalichukua gogo mikononi mwangu, maana mimi nilikuwa nimelikumbatia kama mtoto. Akaliweka. Nikarudi mahali pangu nikaanza kuita upya, kuanzia waya, na mdomo kwa kuchekelea haukutaka kufumba vizuri, ikabidi "Maji" niiite mara tatu ndipo ikaeleweka.