Kikombe cha Kokwijuka na Unga wa Manjano

Shangazi yangu Kokwijuka hakumwogopa mtu, ila aliliheshimu sana tumbo lake. Kwa ajili ya tumbo alitengeneza udongo wa dawa. Aliukanda udongo mweupe wa Kemondo pamoja na majani aliyoyajua mwenyewe, akauviringisha unene wa kidole na kuuanika. Ukitaka kuunywa, unausugua ndani ya kikombe cha maji. Soko zima la Kamachumu lilinunua kwake. Hata katekista, aliyelaani dawa za kienyeji kila Jumapili, Jumatatu alimtuma mkewe.

Mwaka ule, kahawa ikiwa bado mbichi, jembe lilimkata mguuni akipalilia kibanja, shamba lake la migomba. Akapaka hiki, akapaka kile, mguu ukanenepa kama shina la mgomba, homa ikapanda. Tulimpeleka zahanati kwa dresa Mutembei, mfunga vidonda, kijana wa Kaagya ambaye kaptula yake ilipigwa pasi hadi ingeweza kusimama peke yake. Akampa kapsuli za manjano, dawa mpya kutoka Ulaya, nne kwa siku.

"Jumamosi daktari anapita," akasema. "Akiukuta mguu bado hivi, ataukata."

"Akate apeleke wapi?"

"Mama, sitanii."

"Mimi ndiye ninayetania? Nilizaliwa na miwili, sijawahi kulalamika kwamba ni mingi."

Siku ya tatu, Jumatano, homa ilikuwa palepale. Kule zahanati Mutembei alifungua bandeji, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, dawa unawapa kuku."

Hapo alikosea. Kokwijuka ungeweza kumwita mchawi, akacheka. Lakini kumwambia kwamba ametupa kitu cha bure!

"Mimi? Nitupe cha bure? Twende ukaone kwa macho yako, bwana kaptula!"

Akajikokota kwa fimbo mpaka nyumbani, dresa nyuma yake. Penina, jirani yetu, akaja mbio kuomba chumvi, na chumvi yenyewe akaisahau mlangoni.

Shangazi akaketi kwenye nyasi za sakafuni kama bibi harusi. Akasugua udongo mpaka maji yakawa mazito kama uji. Akapasua kapsuli kwa kucha, ganda akalitupa, maana alisema hamezi mdudu mwenye gamba. Unga wa manjano akaumimina kikombeni, akakoroga.

"Dawa ya Wazungu inauma tumbo," akamweleza Mutembei kama anayefundisha mtoto. "Udongo wangu unaituliza. Sasa tunangoja utue. Anayekunywa tope ni ng'ombe."

Tukangoja. Udongo ukatua. Alipotaka kunywa, Mutembei akamwahi mkono, akachungulia. Maji ya juu yalikuwa maangavu kama ya kisimani. Akayamwaga taratibu. Chini likabaki tope, manjano kama kiini cha yai.

"Mama," akasema, "hapa anayeumwa ni nani, wewe au kikombe?"

"Udongo wangu unakamata sumu!"

"Unakamata kila kinachopita. Hauulizi hii ni sumu au hii ni dawa. Siku tatu umekuwa ukitibu tope."

Penina alicheka hadi akakaa chini. Shangazi hakumtazama. Alikitazama kikombe, kisha mguu, kisha kikombe tena. Kukubali mbele ya Penina ilikuwa sawa na kukubali mbele ya soko lote. Lakini Jumamosi ilikuwa karibu kuliko soko.

"Nileteeni maji matupu," akasema.

Akameza kapsuli nzima, macho yakamtoka kama chura. "Mdudu amepita," akatangaza. Na tangu saa ile hakusugua udongo, ingawa tumbo lilimtukana usiku na mchana.

Ijumaa homa ikashuka. Jumamosi daktari akabonyeza mguu huku na huku, akasema unabaki ulipo.

"Nilijua," akasema Kokwijuka.

Udongo bado anauuza. Lakini siku hizi, kabla hajapokea senti, anauliza, "Umetoka kwa dresa?" Ukisema ndiyo, anauficha mgongoni. "Maliza vidonge vyake kwanza, ndipo uje kwangu."

"Kwa nini, waitu?" mteja huuliza kwa heshima.

"Udongo wangu ni mkali. Ulipigana na dawa ya Ulaya siku tatu, ya Ulaya ikaanguka chali. Ilibidi niwaamue mwenyewe."

Penina, anayeuza ndizi pembeni yake, hukohoa. Shangazi humuuliza kama kifua kinambana, amsugulie udongo.