Boksi la Keki na Sifuri Niliyoitupa

Siku uvumilivu uliponiishia, mwanangu, ulikuwa na miezi saba, umenilalia begani. Nilikuwa nimerudi skuli baada ya kukuzaa, na mwalimu wa hesabu aliniambia wazi: nikianguka jaribio la polinomia, nitoke darasa lake. Nikaanguka kwa alama moja!

Alitaka kila x inayoifanya x³ − 25x² + 150x iwe sifuri. Mie nikagawa yote kwa x, upesi upesi, nikapata 10 na 15. Akaandika kwa wino mwekundu: "Ya tatu iko wapi?"

Nikaona ananionea kwa ajili yako. Nikaandika malalamiko kurasa mbili, nikapita kwa bibi yangu Mji Mkongwe, anapotengeneza maboksi ya keki, anishikie wewe niende kwa mwalimu mkuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona umevimba kama andazi?"

Nikamsomea barua yote. Akacheka, huku anakata mraba kila pembe ya kadibodi ili akunje kingo zisimame.

"Nkikata kidogo, boksi fupi. Nkizidisha, kitako chote kinakwisha, halibebi keki. Na nsipokata kabisa?"

"Ni karatasi tu, bibi. Haibebi kitu."

"Na hiyo huihesabu?"

Nikauita mkato wake x: asipokata, x ni sifuri, na ujazo wa boksi nao ni sifuri. Nikaweka sifuri kila penye x: jibu sifuri! Ya tatu ndiyo hiyo, na niliitupa mwenyewe nilipogawa kwa x bila kuuliza kama x si sifuri. Nilicheka mpaka ukaamka, nawe ukacheka, hujui hata tunachokicheka.

Mwanangu, usigawe kwa kitu usichokijua. Itoe x nje ya mabano, iache ikae pale, nayo uihesabu. Na mtu akikusahihisha, kagua kazi yako kwanza ndipo ukasirike. Hasira haziozi, zitakungoja. Mungu akupe akili nyepesi na kicheko cha karibu.

Lakini mie si wa kurudi mikono mitupu. Barua ya kwanza bibi aliifanya kifuniko cha boksi. Niliyoipeleka, baada ya kuwauliza wenzangu darasani, ni hii:

"Mwalimu Mkuu, nalalamika. Nusu ya darasa tuligawa kwa x, tukaambiwa tumekosa, hatukuoneshwa kwa nini. Alama yangu siidai, nilikosa kweli. Nadai somo lirudiwe, kisha jaribio. Boksi la kufundishia nimeliambatanisha."