Siku Komeo Alipobaki Kisarawe

Juzi mwanangu wa mwisho alirudi kutoka mpirani akichechemea, nikamkalisha kwenye kigoda nikamchua goti kwa ile dawa ya mafuta inayowasha mpaka puani. Harufu ilipojaa chumba mkono wangu ukasimama wenyewe. Ilikuwa harufu ya chumba cha uani nyumbani kwetu Tangini, chumba alichopanga Salehe, na pamoja nayo ikaja hofu ile ya zamani.

"Mama, vipi, limevunjika?" mtoto akauliza.

Nikamwambia halijavunjika, atulie.

Mimi nimeishia darasa la saba, naandika kama ninavyoongea, na nikikosea mtanivumilia. Salehe alikuwa beki wa kati wa timu yetu ya mtaa. Mashabiki walimwita Komeo, kwamba akishafunga mlango hapiti mtu. Hapa Misugusugu ninapouza mboga nimepakana na benchi la wanywa kahawa, na mpaka leo wanamzungumza. Mmoja anasema watu wa Kisarawe walimfunga kwa dawa. Mwingine anasema hapana, jamaa alikuwa na roho ya kuku, aliogopa tu. Wa tatu anaapa kwamba angefika timu ya taifa. Sibishani nao. Wao walimwona uwanjani, mimi sikuwahi kumwona akicheza hata mara moja, maana mama hakuruhusu msichana kwenda kusimama na wanaume mpirani. Ila siku moja nilikwenda naye mahali ambapo wao hawakuwepo.

Mambo yalianza timu yetu ilipokwenda kucheza Kisarawe. Ulipigwa mpira wa juu, Salehe akaruka na mshambuliaji wao aliyeitwa Jumanne, na kiwiko cha Salehe kikaingia kwenye jicho la mwenzake. Wetu walisema mpira ulikuwa wa Salehe. Wa Kisarawe walisema kiwiko kilikusudiwa. Sikuwepo, kwa hiyo sitasema. Ninachojua ni kwamba baada ya wiki kadhaa habari ilifika Tangini kuwa jicho la Jumanne halitaona tena, na kwamba vijana wa kwao wamesema wakimpata Komeo, naye atatoka na jicho moja.

Wakati huohuo timu kubwa ya Dar ilikuwa imemwita Salehe akafanye majaribio. Mtaa mzima ulijua. Lakini yeye alijifungia chumbani. Nilikuwa nampelekea sahani ya chakula, namkuta amekaa kitandani anajichua kiwiko kwa dawa ile, na kiwiko chenyewe hakikuwa na jeraha lolote. Alikuwa mtu wa utani sana, kila siku ananiita mchumba wake mwenye mapengo, maana meno ya utoto yalikuwa yananitoka. Siku hizo aliipokea sahani bila kuniona. Pikipiki ikipita barabarani alikuwa anaacha kutafuna mpaka ipite, na mimi nikawa naacha kupumua pamoja naye.

Baba alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali na ndiye aliyetunza jezi za timu. Jioni moja nikiwa naosha vyombo nikamsikia akimwambia mama kwamba yeye na Salehe watakwenda Kisarawe kwa wazazi wa Jumanne kuomba radhi.

"Na Neema tutamchukua," akasema, akinitaja mimi.

Mama akaacha kuchambua mchele. "Neema wa nini?"

"Bila mtoto hawatatupokea."

"Baba Neema, mwanangu huyu."

"Najua ni mwanao. Ni wangu pia."

Hawakusema zaidi, na hapo ndipo kichwa changu kilipofanya kazi yake. Miezi michache nyuma mbwa wetu alimuua kuku wa jirani, tetea mzuri mwenye madoa. Mama hakugombana. Alimkamata tetea wetu, akamfunga miguu, akampeleka kwa jirani, na nilipolia akaniambia ndivyo watu wanavyoishi: umeharibu cha mtu, unampa chako. Basi nikapanga mwenyewe. Mtoto wa watu wa Kisarawe ameharibika. Salehe hana mtoto. Mwenye mtoto ni baba.

Mnaweza kucheka, na mimi leo nacheka kidogo. Lakini asubuhi ya safari mama alinisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawaka, akanipaka mafuta, akanivalisha gauni langu la Krismasi na Krismasi ilikuwa bado mbali. Alinisuka nywele, na alipomaliza akanishika mabega kwa nyuma akakawia kuniachia. Sikuuliza kitu. Nadhani nilihofia kwamba nikiuliza atanijibu.

Tulizunguka na Dar, tukapanda vilima vya Pugu. Ninachokumbuka ni hewa iliyopoa na kijani kingi, mikorosho na mihogo, na mkono wa Salehe ulioloa jasho. Nilikuwa nimemshika yeye, siyo baba. Baba nilikuwa nimemnunia kwa kunitoa.

Nyumba ya kina Jumanne ilikuwa ya udongo, imefagiliwa uwanja wote mpaka kwenye mikorosho. Pembeni walisimama vijana, sikuwahesabu, wamefunga mikono vifuani. Hakuna aliyetukaribisha. Mmoja akasema, siyo kwa nguvu, "Komeo huyo. Kumbe mfupi." Mwenzake akajibu, "Hapa hana refa."

Mama yake Jumanne alikuwa amekaa mkekani barazani, mwanawe pembeni yake, kitambaa cheupe jichoni. Baba akamsalimia akiwa ameinama. "Shikamoo mama." Yule mama akachukua muda mrefu kabla ya kusema marahaba. Salehe akapiga magoti mchangani, akaanza kuomba radhi. Sikumbuki maneno yake na nisitunge. Nakumbuka yule mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wangu, mama," baba akasema.

"Mlete hapa."

Baba akanisukuma mgongoni kidogo sana. Nilikwenda. Nilipofika mkekani yule mama alinyoosha mkono kunishika kidevu, nami hapohapo nikajikojolea, kwenye gauni la Krismasi, kwenye mkeka wao, mbele ya watu wote.

Halafu yule mama akainuka, akawageukia wale vijana, akawaambia, "Haya, mmefurahi? Mmesimama kama mnangoja jeneza, mtoto wa watu anajikojolea. Tokeni uwanjani kwangu." Wakatoka. Mmoja aligeuka kutukazia macho, mama huyo akamwita kwa jina la babake, naye kijana akaharakisha mwendo.

Aliniosha mwenyewe nyuma ya nyumba, akanifunga kanga yake kifuani, akanipa muhogo wa nazi. Niliula huku machozi yanashuka, kwa sababu niliona ndiyo tayari: nimeogeshwa kwao, nimevaa kwao, nimekula kwao.

Kule barazani nikawasikia Salehe na Jumanne wanasemeshana.

"Mpira ule ulikuwa wangu," Jumanne alisema.

"Ulikuwa wako," Salehe akajibu.

"Usinikubalie kwa huruma. Ulikuwa wa nani?"

Salehe akasema taratibu, "Wangu."

"Ndiyo. Lakini ningekuwahi."

"Usingeniwahi."

Na Jumanne akacheka, kicheko kifupi, akashika kitambaa chake kama jicho limemuuma.

Jua likaanza kuinama na baba akaaga. Yule mama akapapasa gauni langu kwenye kamba, akasema, "Bado bichi. Mwacheni alale hapa leo, kesho mtu aje amfuate. Mtakuwa mmetuonyesha kwamba mmetuamini."

Nisimdhulumu yule mama. Najua sasa kwamba alisema kwa wema. Ila kwa baba, kukataa kungekuwa kama kuutema msamaha aliokuwa ametoka kuupata, na nikamwona anapima, akitazama chini. Mimi sikulia kwa sauti. Nilikwenda kumshika Salehe mkono kwa mikono yangu yote miwili. Aliinamisha kichwa akanitazama, mara ya kwanza kwa siku nyingi akaniona.

"Nitabaki mimi, mama," akasema. "Huyu ana mapengo, muhogo utamshinda. Wa kulima mnaye? Jumanne si bado haruhusiwi kuinama?"

Yule mama akamtazama kwa mara ya kwanza. "Lala, basi," akasema.

Hakubaki usiku mmoja. Alibaki mpaka mihogo ikavunwa na korosho zikaokotwa. Majaribio ya Dar yalipita akiwa na jembe. Aliporudi Tangini alicheza tena miaka michache, na wanywa kahawa wanasema hakuwa yule, alikuwa anaruka huku amekunja mikono kifuani. Kisha akaoa huko Kisarawe, na ndiyo ikawa imeisha.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza baba kwa nini alinichukua. Akasema wanaume watupu wakienda kuomba radhi huonekana wamekwenda na ubishi wao. Aliogopa tutapigwa, akaona mbele ya mtoto watu watajizuia. Nilimuuliza pia kama angeniacha. Alisema hajui. Nampa haki yake, angeweza kunidanganya.

Salehe sijawahi kumuuliza. Labda alibaki kwa ajili ya Jumanne, labda uwanja wenyewe ulikuwa umemtisha akapata pa kujificha, na huyo anayesema roho ya kuku pale kwenye kahawa atakuwa amepatia kipande. Labda ni mikono yangu miwili. Kwa miaka mingi niliambiwa kwamba hesabu yangu ya kuku ilikuwa ya kitoto, kwamba watu wale hawakutaka kupewa mtu, na ni kweli hawakutaka. Lakini tulikwenda watatu, tukarudi wawili, na mimi nilikuwa mmoja wa waliorudi.