Tulimbeba Mama, Akaanguka Kaka

Kilichotutoa Kasulo ni mguu wa mama. Ulipata jipu mpaka goti halikunjiki, na vita vilikuwa vimechukua magari yote. Basi tukamlaza kwenye ingobyi, machela yetu ya kusuka, wanaume wanne tukaiweka begani kuelekea hospitali ya Biharamulo. Mbele alikuwa kaka yangu Ezekieli, tegemeo la shamba la kijiji. Huyo kupokezana hataki. Ukimwambia apumzike anakuuliza, "Kwani mimi bibi harusi?"

Barabara kuu tulipata lori la chumvi, likatushusha Lusahunga. Mwenye hoteli ya chai alitupa pa kulala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Biharamulo? Hapo ni miguu tu, mafuta hakuna."

Asubuhi tukaondoka. Kwenye mlima wa pili Ezekieli alianguka, puu! Hakujikwaa, hakulalamika; mti wa machela ulimtoka begani, akawa chini, macho yamegeuka. Mama yuko kwenye udongo anapiga mayowe, mimi nimeduwaa. Mungu wangu, Ezekieli? Tukammwagia maji. Alipozinduka akasema, "Mnyanyueni mama, tunachelewa." Jeuri gani ile!

Biharamulo, jipu la mama lilipasuliwa, siku chache akawa anatembea na fimbo. Kazi ikabaki kwa Ezekieli. Tulipomweleza alivyoanguka, daktari alimchuchumaza, akamsimamisha, kila mara akimsikiliza kifua. Uso wa daktari ukabadilika.

"Kwa ninavyosikia, msuli wa moyo wake umenenepa kupita kiasi."

Nikacheka. "Unene si ndiyo nguvu, daktari?"

"Wa mkono, sawa. Wa moyo ukinenepa, ndani panabana, damu inakosa njia. Akijikaza sana, moyo unaweza kusimama. Na ugonjwa huu hurithiwa. Kuna aliyekufa ghafla kwenu?"

Mama alijiziba mdomo. "Baba yao, akilima. Na mdogo wake, akicheza ngoma."

Miaka yote tulisema wamelogwa! Nikavua shati nami nipimwe; moyo wangu haukuonyesha kasoro. Ezekieli alikatazwa mizigo, mbio, na jembe la kushindana.

Kurudi, hapo Lusahunga, tulikuta lori la askari limezama kwenye matope. "Wanaume, sukumeni!" Nikakimbilia. Kugeuka, Ezekieli naye keshakunja mikono ya shati. Mama akamshika mkanda.

"Kaa."

Akakaa, katikati ya wanawake wauza ndizi. Mchuuzi mmoja akapaza sauti, "Tazameni dume zima limekaa! Wenzake wanakwenda kufa!" Watu wakaangua kicheko. Kaka yangu aliinama, machozi yakimtoka, na mimi nilitamani kumrukia yule mchuuzi. Hapo ndipo nilipoelewa: kifua kipana hakikuambii kilichomo, na kumponya mtu kwaweza kuwa kumkalisha tu huku watu wanamcheka.

Mama akasimama mbele yao na fimbo yake.

"Chekeni," akasema. "Nimezika mume, nimezika shemeji. Huyu narudi naye nyumbani."